Mtu wa Kulipa Juu ya Msumari

Bristol, Uingereza
Jumapili, 17 Novemba 1957

Mpendwa dada Gobnait,

Mwaka na nusu umepita tangu uliponisindikiza gatini Cork. Hujambo? Mama je, kifua kimepoa? Mimi mzima, ila mgongo. Tunachimba mitaro ya maji machafu, na udongo wa huku ni mzito kama uji ulioganda.

Umeniuliza maana ya maneno ya binamu yetu Diarmuid, aliyemwandikia Eilís kwamba yeye ni mtu wa kulipa "juu ya msumari". Nitakueleza, ingawa yananichoma. Nje ya soko la zamani, mtaa wa Corn Street, pana meza nne ndogo za shaba, kila moja ina mguu mmoja. Wanaziita Misumari. Husemwa kwamba wafanyabiashara wa kale waliweka fedha pale papo hapo, watu wakiona, bila njoo kesho. Basi asiyechelewesha malipo husifiwa hivyo. Mama mwenye nyumba humsifu mpangaji wake. Diarmuid kajisifu mwenyewe.

Tena ni kweli, na ndiyo inayoniuma. Kiwanda cha chokoleti humlipa kila Alhamisi bila kukosa. Sisi msimamizi wetu, Crowley, hutulipa mshahara tukiwa baa. "Kunywa kwanza, Tadhg, fedha haiozi!" Juzi Ijumaa alinipa nusu. Wenzangu wakacheka: "Nusu nyingine iko njiani, ndugu yetu, imepanda konokono!"

Mlangoni nikakutana na Diarmuid, nywele zinang'aa mafuta, ananukia kakao.

"Binamu, nimemnunulia Eilís pete. Krismasi naenda kumvisha. Wewe je, bado unangoja?"

Nilitamani kumtumbukiza mtaroni.

Dada, pete hiyo niliiona mimi kwanza, dirishani kwa sonara. Eilís alisema atanisubiri, nami kila barua namwambia wiki ijayo. Sasa hata nikimenya kiazi naona kidole chake kimevaa pete ya mwingine.

Simngoji Crowley tena. Nilicho nacho kinatosha nauli tu. Pete sina. Mwambie Eilís, kwa mdomo wako, asimjibu Diarmuid kabla hajaniona.

Nisalimie Mama, mjomba Batt na watoto wa Síle. Mtakatifu somo wako, mlinzi wa nyuki, awafunike nyote, na nyuki wake pia.

Nitashuka Cork Jumamosi, tarehe 30. Kesho yake, misa ikiisha, nitakuwa mlangoni kwa kina Eilís, kofia mkononi.

Mdogo wako akupendaye,
Tadhg