Mkunga Tuliyemhesabu Akiwa Mbali

Nyumba ya tatu juu ya gati,
Kisiwani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

“Mahali pasipozaliwa mtu hapawezi kuitwa kwao na mtu.” Maneno hayo ni ya Msimamizi wetu, yule aliyeletwa na makao makuu kututawala, na aliyasema mbele ya baraza zima akiwa amekunja nne. Ni uongo uliovalishwa koti la hekima. Waliofunga wodi ya wazazi ni wao. Wanaowapakia wajawazito melini kama mizigo ni wao. Kisha wanatugeukia na kusema hapa hapazaliwi mtu. Mtu anakuziba mdomo, halafu anakulaumu kwa ububu.

Nisamehe. Nimeanza kugomba kabla ya kukusalimu, na Mama angejua angeninyang'anya kalamu. Hujambo, mdogo wangu? Kazi ya zamu bado inakukeshesha? Shemeji kile kifua kimepoa? Na wapwa zangu je, wanakua au wanarefuka tu kama baba yao?

Sisi huku tuko salama kwa kadiri ya umri wetu. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake ni mzima wa afya. Wifi yako anakusalimu, anasema kitambaa ulichomtumia kimekuwa pazia kwa sababu mwili umekataa. Mimi nimechoka. Daktari amenipima akasema sina kitu, nami nikamwambia hicho ndicho ninachougua. Nimegonga mlango wa makao makuu miaka mingi hadi vidole vimeota sugu, na kila mara sauti ya ndani inanijibu kwa adabu kwamba nimesikika.

Mpwa wangu mdogo ameniandikia kwamba mwalimu wake anataka habari za kisiwa cha mama yake, na kwamba kitabu chao cha shule kimekipa mistari miwili. Mwambie afute hiyo mistari, aandike hivi.

Kisiwa chetu ni jiwe lililotoka baharini kwa moto. Mtu mwenye miguu mizima akianza kukizunguka baada ya chai ya asubuhi, chakula cha mchana atakila kwake. Hakina mto wala kijito. Maji tunayokunywa yanatoka kwenye mapaa yetu, ndiyo maana mtoto wa hapa hufundishwa kufagia paa kabla ya kufundishwa kusoma. Watu hawafiki mia saba. Kuna barabara moja, shule moja, hospitali moja, na bendera moja ambayo si yetu. Hatupigi kura huko makao makuu, ila sheria za huko zinatupiga sisi. Meli huja mara moja kwa mwezi, na kwa kuwa maji ya gatini ni mafupi, inatia nanga mbali. Mtu hushushwa kwenye boti, kisha hupandishwa gatini na winchi, amesimama ndani ya kikapu cha chuma, kile kile kinachopandisha saruji. Kila aliyewahi kuwa mtu hapa, waziri na mwizi, ameingia kwa kikapu hicho.

Mababu zetu waliletwa na kampuni ya mbolea. Ndege walikuwa wamekinyea kisiwa hiki tangu kuumbwa kwa dunia, na matajiri wa mbali wakagundua kwamba kinyesi hicho kinastawisha mashamba yao. Wakazoa watu kutoka bandari kadha wa kadha, watu wasioelewana lugha, wakawapa sepetu. Mkataba ulikataza kuzaa. Mtoto wa kwanza alizaliwa katika banda la mizani, akapimwa kwenye mizani ya mbolea, na baba yake akapewa onyo kwa kutumia chombo cha kampuni bila ruhusa. Mbolea ilipokwisha, kampuni iling'oa reli, ikafunga mizani, ikapakia hata milango ya mabanda. Kitu pekee ambacho hawakuona haja ya kupakia ni watu. Hayo ndiyo ambayo kitabu cha mpwa wangu kinayaita kuanzishwa kwa makazi.

Na aongeze hili, maana ndilo lililoniketisha niandike. Zamani zile kampuni ilikuwa inapeleka vikosi vya wachimbaji kwenye ule mwamba wa nje, wanakaa miezi. Posho ya chakula na vitanda viligawiwa kwa vichwa. Mchimbaji asiyetajwa na wenzake siku ya kugawa, akirudi alikuta kitanda chake kimelaliwa na sufuria yake ina mwenyewe mwingine. Kwa hiyo watu wakajifunza kumhesabu aliye mbali kabla ya kujihesabu wao. Tabia hiyo haijatutoka. Mwulize mtu yeyote wa hapa mko wangapi nyumbani. Atamtaja kwanza aliye safarini, hata kama safari yenyewe ina miaka kumi.

Sasa sikia kilichotokea.

Baada ya mvua za mwanzo alikuja karani wa sensa, kijana mpole, mgeni, bado anatembea kama sakafu inayumba. Mimi nilikuwa kwenye mtambo wangu wa kuchapa nikichapa gazeti. Mama ndiye aliyempokea. Wifi yako alikuwa jikoni akasikia kila neno.

“Mko wangapi, bibi?”

“Sita.”

Karani akachungulia huku na huku. “Naona viti ni vitano tu.”

“Basi viti ndivyo vimepungua, mwanangu. Watu ni sita.”

“Wa sita ni nani?”

“Binti yangu. Mkunga.”

“Mkunga? Ana cheti?”

“Anacho, tena cha fremu. Umekuja kuhesabu watu au kuwachumbia?”

Kijana akacheka, akajaza, akanywa maji, akaenda zake. Nilipoambiwa jioni nilimwuliza Mama kwa nini hakusema uko ng'ambo. Alinitazama kama vile mimi ndiye mgeni. “Alitaka watu wa nyumba hii,” akasema. “Wewe unaniambia nimtoe?” Mdogo wangu, nimebishana na mawakili na nikawashinda. Hapo nilirudi mtamboni kwangu.

Nilidhani yameishia hapo. Meli ya juzi, ambayo bado imetia nanga na ndiyo itakayobeba barua hii kesho, ikaleta waraka kutoka idara ya afya ya makao makuu kwenda kwa daktari wetu. Wamesoma hesabu, wameona kisiwani yupo mkunga mwenye cheti, nao wanaruhusu wodi ya wazazi ifunguliwe kwa majaribio. Mkaguzi atakuja na meli ya mwezi ujao kumwona mkunga huyo kwa macho. Akimkuta, wodi inafunguliwa. Asipomkuta, faili linafungwa, na safari hii wamesema limefungwa kabisa.

Daktari alinijia akiwa ameshika waraka kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. “Pinga,” akasema, maana hata yeye sasa ananiita kwa lakabu, “nina kitanda, nina dawa, nina jokofu la chanjo linalokohoa. Mikono hii inajua kukata kidole kilichooza. Kuzalisha sijui vya kutosha. Huyo dada yako nitamwona lini?”

Nikamwambia nitakujibu. Ni jibu la makao makuu hilo, nalo lilinitia aibu.

Sasa la nyumbani. Mwanao, huyu binti yangu, ana mimba ya miezi sita. Nilitaka akuambie mwenyewe, lakini anasema shangazi atalia kwenye simu na simu ni ghali. Bado anafanya kazi kwenye kituo cha umeme, anainama juu ya jenereta na tumbo lile, na ukimwambia pumzika anakuuliza kama unataka kula gizani. Amri inasema mjamzito aondoke kisiwani kabla mimba haijafika mwezi wa nane, akakae peke yake kwenye hosteli ya hospitali huko makao makuu mpaka ajifungue. Kwa hiyo meli hiyo hiyo inayomleta mkaguzi ndiyo itakayomchukua yeye.

Mumewe, kama unavyojua, ndiye mwendesha winchi. Watu wa gatini wamemgeuza mzaha, wanamwambia hakuna mume mwingine duniani anayempa mkewe talaka kwa kamba. Alikuwa akicheka nao. Wiki iliyopita alikuja kuketi kati ya karatasi zangu, kofia mkononi, akasema, “Baba, saruji naishusha hata nikifumba macho. Huyu siwezi. Mtafute mtu mwingine wa kushika winchi siku hiyo.” Hakuna mtu mwingine. Mwenzake aliyejua kazi alishahama.

Mwanao mwenyewe amesema hapandi. Hajapiga kelele, amesema hivyo akijifuta grisi, kwa sauti ile ile anayosema mafuta yamekwisha. Mwaka jana mke wa mwalimu alishikwa na uchungu safarini akajifungulia katika ghala la vyakula la meli, kati ya magunia ya vitunguu. Mtoto mzima, mnene. Cheti chake kinasema amezaliwa baharini. Kwa sheria yao mzaliwa wa hapa ni aliyezaliwa hapa tu, wengine wote ni wakaazi kwa ruhusa, na ruhusa hufutwa. Tangu wodi ifungwe hatujapata mzaliwa hata mmoja. Siku sisi wazee tutakapokwisha, kisiwa hiki kitakuwa na watu wengi na hakitakuwa na wenyewe. Ndipo Msimamizi atakapokuwa amesema kweli.

Wakati huo huo sitaki kuwa mpiga domo. Idara ina hoja moja ya haki, nami nimewahi kuikubali gazetini. Kabla ya kufungwa kwa wodi, mama mmoja alivuja damu humu ndani tukakaribia kumpoteza, kwa sababu mkunga wa zamani alikuwa ameshazeeka na hatukumtafutia mrithi. Nilimbeba mimi na wenzangu watatu kwenye mlango uliong'olewa. Simlazimishi mwanao azalie nyumbani kwa ubishi wangu. Bila mkunga atapanda kikapu, na ili mumewe aweze kuishika winchi, nitasimama na mkewe mle ndani nimemshika mkono. Ubishi hauzibi mshipa wa damu.

Ndiyo maana sijalala vizuri. Maisha yangu yote nimekula kwa kuwaita watu waongo kwa maandishi. Sasa ipo hesabu isiyo sahihi, imetoka mezani kwangu, nami nanufaika nayo kila siku ninayokaa kimya. Wa kuisahihisha ni mmoja kati yetu wawili. Mimi naweza kuisahihisha kwa kalamu, mstari mmoja tu, na faili lifungwe. Wewe unaweza kuisahihisha kwa miguu.

Najua ninachoomba. Umepandishwa cheo, una wodi ya vitanda arobaini, wasaidizi wanasimama kando yako wakupe glavu. Hapa utachemsha vifaa mwenyewe, na kuna wiki hutazalisha mtu, utaishia kufagia paa. Sitakutupia ile methali ya mkataa kwao; umeshatupiwa na watu wasiojua ulivyolia ulipokuwa kikapuni ukiondoka. Sisemi uje daima. Majaribio yao ni ya mwaka mmoja. Katika mwaka huo nesi wetu kijana atakuwa amejifunza mikononi mwako, na mimi nitakuwa nimepata cha kuandika kilicho kweli.

Nisalimie shangazi yetu aliye jirani yako, mwambie rozari yake ilifika bila ushanga mmoja na Mama ametia kifungo cha shati. Msalimie mpwa wangu mkubwa, na yule mdogo mwanahistoria. Mama anakubariki: Mungu akupe mikono myepesi na usingizi mzito. Wifi yako, mwanao na mkweo wote wanakusalimu.

Najua barua zangu mnazisoma wawili, kwa hiyo nawaambia nyote. Shemeji, wewe ni fundi majokofu na hapa lipo moja linalokungoja; mwombee mkeo ruhusa ya mwaka kesho asubuhi, usimwache aende kuomba peke yake kwa unyonge. Na wewe mdogo wangu, panda meli ya mwezi ujao, usimame kikapu kimoja na mkaguzi, akuone ukipandishwa gatini. Kama huji, usininyamazie. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe neno moja, siji, ili nilipeleke kwa daktari mchana kweupe, kisha nikamsaidie mwanao kufunga sanduku.

Kaka yako akupendaye hata akigomba,
Pinga.