Mbele Bato Iondoke

Mudogo wangu Shabani,

Nakusalimia toka Liège, kwenye baridi inaingia mupaka mu meno. Hii bato, meli ya mutoni, unaona pa foto nilitia mu barua, binti yetu Rehema na bwana yake banataka tuipande wote na batoto, tushuke mutoni Rhin juma muzima. Jana tulienda ku bureau ya kuuzisha safari. Bo banachagua vyumba, mimi hapana kutulia pa kiti. Nikauliza mama wa bureau: "Mbele ya kuondoka, munapigiaka nani simu kule munaenda, aseme kama njia ililamuka muzuri, hakuna hatari?"

Akaniangalia. "Hakuna mutu, mama. Ni mayi tu."

Bajukuu bakacheka. Rehema hakucheka, juu alikulia Beni, kule batu banauawaka mu njia.

Basi nilikubali kwenda. Balinipa chumba ya dirisha kubwa, nikakatala. Nikaomba ile kwenye rezo ya simu inaingia, hata kama iko karibu na moteur.

Kila asubui, ukishapakia kakao kule Eringeti, mbele uwashe camion, piga simu kwanza kwa batu ba Oicha, kule utapita. Kiisha unipigie mimi. Uniambie tu: ililamuka muzuri. Pale na bato yetu inaweza kuondoka.

Mungu akulinde.

Dada yako Zaina