Mlango Uliofutwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mama, na za cherehani yangu ambayo siku hizi nayo ni mtu wa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko huko ulikotuandikia mara ya mwisho, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Kama mmeshahama, namwomba mkuu wa kambi aifuate hiyo barabara aliyoijenga mpaka akufikishie. Sisi hatujambo. Mama miguu inamvimba akisimama sana, na mimi macho yameanza kunisaliti nikitunga uzi, lakini tunakula, tunacheka, na majirani hawajatuchoka.

Najua utasema Kasuku ameanza. Ndiyo, nimeanza, na safari hii utanisoma mpaka mwisho, kwa sababu nina jambo la kukuuliza na siwezi kukuvamia nalo.

Kaka, ile nyumba yetu haipo tena. Unajua tuliachiwa tukae baada ya baba kufariki, maana halmashauri haikuwa na fundi bomba mwingine wa kumpa. Basi mwaka huu walikaa kikao, wakapita kukagua vitu vyao vyote, magari mabovu, viti vilivyovunjika, pampu zilizokufa, na nyumba za watumishi za mtaa wetu, wakaviita vyote mali iliyozidi mahitaji. Ofisa aliyekuja kutueleza alikuwa kijana mwenye adabu, hata viatu alivua mlangoni. Mama alimuuliza nyumba inazidije, na kama yeye anayo iliyozidi basi atuonyeshe tukalale. Kijana akajibu kwamba kiwanja bado kinahitajika, kitakuwa maegesho ya magari. Kilichozidi ni nyumba iliyo juu yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, lakini jikoni.

Kwa kuwa kiwanja hakiuzwi, nyumba ilinadiwa vipande vipande, kila kipande fungu lake, na mnunuzi aje kubomoa mwenyewe. Dalali wa halmashauri, yule mwenye sauti ambaye mji mzima unamwita Kengele, alisimama kwenye baraza yetu akitaja paa, akitaja madirisha, na kila baada ya fungu alirudia maneno yao yale yale, kwamba linauzwa kama lilivyo, hapo lilipo, na vyote vilivyomo. Alipofika kwenye mlango wa mbele, mama alipita katikati ya watu akamwambia mlango huo usiuzwe, una mwenyewe, yuko safarini. Kengele si mtu mbaya. Alishusha sauti akamjibu kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Watu wakacheka. Nimemshonea yule mzee suruali nyingi, na siku ile nilitamani nimshonee mdomo.

Ukitaka kuiona nyumba yetu sasa, kaka, inabidi uzunguke mji. Paa liko kwa mfuga kuku nyuma ya soko, na mvua ikinyesha linalia vile vile lilivyokuwa likilia juu ya vitanda vyetu. Dirisha la sebuleni liko kwa kinyozi. Mama alianza kwenda huko kila siku, anakaa kwenye benchi la wateja na kuchungulia njia. Kinyozi ni mwungwana, alimwachia nafasi yake. Nilipomwambia mama kwamba njia anayoitazama si ile ya kwetu, alinijibu kwamba dirisha ndilo linalojua linamtazamia nani, mimi nishone nguo.

Mlango wenyewe ulinunuliwa na mwuza dawa, na duka lake linatazamana na mahali ninaposhonea. Kwa hiyo kila nikiinua macho naona kiraka. Wewe hukuwahi kukiona hicho kiraka. Siku ile mlipogombana na baba ukautoboa mlango kwa teke, ukaondoka ukisema hutabisha tena hapo mpaka uombwe, kesho yake baba alikata bati akapigilia mwenyewe. Tangu hapo kila alipoupaka mlango rangi alikizunguka kile kiraka. Nilimuuliza kwa nini, akasema mwenyewe akija atakipaka. Sikukuandikia habari hii alipokuwa hai kwa sababu nilidhani ataisema yeye.

Ulipotuandikia pole ya msiba, ulisema unakuja, na kwamba mama asibadilishe kitu mlangoni, utabisha kama zamani. Barua hiyo mama ameikunja mpaka imechanika kwenye mikunjo. Baada yake hatukupata nyingine. Nimekuandikia, umenyamaza, nikakuandikia tena. Sikulaumu, naeleza tu.

Sasa sikiliza. Mwuza dawa alivuka barabara mchana mmoja akiwa amenuna, akanilalamikia kwamba kuna mhuni anamchezea. Alasiri duka likiwa tupu, mtu anagonga kwa nje na kupiga hodi, halafu anaomba chumvi. Alisema yeye anauza dawa za homa na za minyoo, nani anaomba chumvi kwa mwuza dawa? Amemwelekeza duka la jirani kwa kupaza sauti, lakini akitoka kumtazama hakuna mtu. Alitaka kujua kama mimi, ninayekaa mbele ya mlango wake kutwa nzima, nimemwona.

Kaka, mkasi ulinidondoka. Ni nani mwingine katika dunia hii aliyekuwa akirudi kwao na kubisha kama jirani mwenye shida? “Hodi jamani, naomba chumvi!” Na mama akiwa jikoni anaitikia, “Chumvi ipo, mwombaji aingie.” Baba alikuwa akisema nyumba hii ina wendawazimu wawili, na mimi nilikuonea wivu kwa sababu nilipojaribu kuomba pilipili hakuna aliyenijibu.

Nilimwambia mwuza dawa sijaona mtu. Hiyo ilikuwa kweli. Sikumwambia kwamba nimesikia. Nilikuwa nimesikia siku kadhaa kabla yake, na kila niliposikia nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zake zifunike sauti hiyo. Niliogopa, kaka. Niliogopa kukuita jina, ukaitika.

Yule bwana alivumilia, kisha akaenda kushtaki halmashauri kwamba wamemuuzia mlango wenye mambo. Alirudi amechoka kuliko alivyokwenda. Karani alimweleza kwamba aliununua kama ulivyo na vyote vilivyomo, kwa hiyo hayo mambo ni yake. Alipodai basi waupokee wenyewe, aliambiwa haiwezekani, kwa kuwa mali ikishauzwa inafutwa kwenye daftari, na mlango huo ulishafutwa. Kwa halmashauri haupo, na hakuna njia ya kupokea kitu kisichokuwepo. Nilipomsimulia mama nilidhani tutacheka pamoja. Hakucheka. Alisema mlango wameufuta, sawa, ni wao, lakini mwanawe hajafutwa na mtu.

Wiki iliyofuata mwuza dawa aliweka mlango wa kioo, na ule wa kwetu akautuma nyumbani kwa mkokoteni pamoja na salamu zake. Tunaishi chumba kimoja chenye baraza ndogo, na mama mwenye nyumba wetu alikubali tuufunge ili mradi tusimdai. Nilimwita fundi seremala, nikaenda zangu kazini. Niliporudi nilikuta ameufunga kinyumenyume. Upande wa nje, wenye kiraka, unatazama ndani, na ule laini wa ndani unatazama barabarani. Nilimgombeza, akajitetea kwamba alidhani mwenye akili hawezi kuuonyesha ulimwengu kiraka. Nilitaka aufungue upya. Mama akakataa. Alisema mlango umechoka kubebwa, uachwe. Chini ya kiraka akaweka kibakuli cha chumvi.

Jumamosi iliyopita hatukuwa na kazi. Tulikaa barazani alasiri, mimi na mama, tukichambua mchele, mlango umefungwa nyuma yetu. Chumbani hamkuwa na mtu. Chumba hakina dirisha la kupita mtu wala mlango mwingine, hilo nakuapia. Mama alikuwa akinitania kwamba natupa mchele na kubakiza mawe. Ndipo ulipogongwa mlango kutokea ndani, na hodi ikapigwa, na chumvi ikaombwa.

Ilikuwa sauti yako. Ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyefanya kazi kwenye vumbi siku nyingi, lakini ilikuwa yako, na ule mzaha ulikuwamo. Nilimshika mama mkono ili asijibu. Naungama hilo mbele yako, kwamba nilimshika kwa nguvu zangu zote mpaka ungo ukamwagika. Unajua unapobisha na usiitikiwe unaondoka zako. Nilitaka uondoke. Nilitaka uondoke ili uendelee kuwa huko barabarani, mzima, mvivu wa kuandika.

Mama alinitazama kama ananionea huruma. Akautoa mkono wake taratibu, akasema bila kupaza sauti, “Chumvi ipo, mwombaji aingie.” Akainuka kwa hiyo miguu yake iliyovimba, akaufungua mlango, akaingia, akaurudishia. Mimi nilibaki nimekaa juu ya mchele. Nilimsikia akisema mbona umekonda hivi. Nikamsikia akicheka, cheko la zamani lile la jikoni, ambalo sikuwa nimelisikia tangu ulipoondoka.

Nilipopata ujasiri nikaingia, alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono ameiweka mapajani. Shuka lilikuwa limetandikwa vizuri. Kibakuli cha chumvi kilikuwa kitupu. Nimejaribu kujiambia ni panya, na kweli panya wapo, ila sijapata kuona panya wa kula chumvi akaramba na kibakuli. Mama aliniwekea kidole mdomoni nisipige kelele. Tangu siku hiyo hodi haijasikika tena, hapa wala kwa mwuza dawa. Mama haendi tena kwa kinyozi. Haniulizi kama posta kuna barua. Analala vizuri, anakula vizuri, na jana alitafuta rangi iliyobaki, akaniambia tusikipake kile kiraka, kuna atakayekipaka.

Ndiyo maana nakuandikia, kaka. Pale juu nimeandika kwamba natumaini u mzima, kwa sababu barua zote zinaanza hivyo, na mtu huandika bila kufikiri. Sasa nakuuliza kweli. Je, u mzima? Nitumie hata mstari mmoja. Niandikie matusi ukipenda, uniambie Kasuku acha upuuzi wako, mimi niko hapa nakula vumbi la barabara na sijabisha mlango wa mtu. Niambie kwamba siye wewe tuliyemfungulia. Nitaisoma barua hiyo huku nikipiga magoti, halafu nitamtafuta huyo mwingine ni nani, nimtoe.

Na kama huwezi kuandika, basi nisamehe kwa kumshika mama mkono.

Wanakusalimu kinyozi, mwuza dawa, na mama mwenye nyumba ambaye hakujui ila ameshasikia sifa zako zote. Mama naye nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alinishangaa, akaniambia niongee polepole, salamu za kuandika za nini tena, wakati mwenyewe amelala hapo ndani.

Ni mimi mdogo wako, ninayesubiri jibu,

Kasuku