Stiki ya Mkono wa Kushoto

Jumanne, 8 Julai

Feni mbili, redio moja, pasi moja iliyoungua waya. Spika ya jirani bado haijapona, na mwenyewe amekuja mara tatu kuiulizia kama mgonjwa wa wodini. Nimefunga meza saa kumi, nikatoka Temeke kwenda Kipawa kumwona kaka Hamadi.

Miezi minne tangu apigwe na kiharusi. Upande wa kulia wote umelala: mguu, mkono, nusu ya mdomo. Amekonda mpaka kanzu inamvaa yeye. Wifi Zuhura alimlisha uji, vijiko vitatu. Cha nne akafumba mdomo. Wageni wakiwapo hali kabisa, anaona haya kulishwa na mkewe kama kitoto. Na mkono wa kushoto ni mzima. Kijiko kinawekwa karibu yake, haukigusi.

Imamu wao alikuja wiki iliyopita. Akamwambia wazi kwamba mwenye udhuru hana lawama, ale kwa mkono alionao. Hamadi akaitikia kwa kichwa. Chakula kikaletwa, hakula.

Zuhura aliniletea kahawa na kashata. Nimekunywa kahawa.

Nimerudi na boksi lake la stiki ya kuchezea gemu. Lilikuwa uvunguni, limefunikwa na mkeka wa zamani. Sijui kwa nini nimelibeba. Nadhani nilitaka kutoka mle ndani na kitu cha kurekebishika.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelifungua.

Boksi hili alilitengeneza mwenyewe enzi za kibanda chake cha gemu, kabla simu hazijamnyang'anya wateja wote. Sanduku la mbao. Juu yake stiki yenye kirungu chekundu, upande wa kushoto. Vitufe sita upande wa kulia. Vipuri alivitoa kwenye mashine kubwa ya kuchezea iliyokuwa imetupwa. Watu walikuwa wanatoka Buguruni kuja kupigwa. Nasema kupigwa kwa sababu hakuna aliyemshinda.

Hali ya ndani ni mbaya. Springi imelegea. Chini ya stiki kuna swichi nne ndogo, mbili zimekufa. Vitufe vinanata. Mende mmoja mkavu, Mungu amrehemu. Lakini waya! Risasi ya kuungia inang'aa kama ameichomelea jana. Baba alikuwa fundi redio, na sote wawili alitufundisha kwenye meza hii hii ninayoandikia. Hamadi alinishinda. Nilimwonea wivu, na leo nilipoziona zile waya nikamwonea tena.

Dada wa mazoezi kutoka hospitali alishasema mkono wa kulia ushughulishwe kila siku. Ushike kitu, usukume kitu. Nimepata wazo. Leo nina furaha, naiandika kabla haijaondoka.

Jumamosi, 12 Julai

Buguruni asubuhi, kwa Ami Seif wa vipuri. Duka lilikuwa la babake, na babake ndiye aliyekuwa akimuuzia Baba valvu za redio. Ami ananiita fundi mbele ya watu, nami huvimba kichwa.

Amenitolea stiki mpya, nzito chini, laini juu. Swichi zinazoitika kwa kuguswa tu. Springi za aina tatu, nikazijaribu mwenyewe. Vitufe vyepesi, ukiweka kidole vimeshazama. Akaviweka juu ya meza kimoja kimoja, kama muuza dhahabu. Akauliza ni vya nani. Nikamweleza.

"Yule Hamadi wa mashoto?"

"Ndiyo, Ami."

"Mola amponye. Alikuwa na mkono yule."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile, mashoto, nilikuwa sijalisikia likisemwa juu yake kwa miaka. Nimelibeba njia nzima kama mchanga kwenye kiatu.

Jumapili, 13 Julai

Kazi tangu alfajiri. Meza imejaa vumbi la mbao, chai imepoa mara mbili.

Mpango ni huu. Stiki nimeihamisha. Ilikuwa kushoto, sasa iko kulia, kwenye mkono mgonjwa. Mfuniko wa zamani haukufaa, nimekata mwingine wa plaiwudi. Tundu la stiki kulia, matundu ya vitufe kushoto. Springi laini kuliko zote. Chini kulikuwa na kizuizi cha pembe nne, nimekibadilisha nikaweka cha duara, ili kiganja kisigongwe kwenye kona. Sasa kirungu kinasogea kwa kidole cha mwisho.

Mfuniko wa zamani nimeusukumia chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Nimejisifu peke yangu, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu. Mkono wa kulia ukirudi, atakula. Ni hivyo tu. Atanawa, atakula na watu.

Jumatano, 16 Julai

Mambo yameharibika.

Zuhura aliwasha televisheni na ile mashine ya gemu ya zamani ya kibandani. Nikaweka boksi mapajani kwa Hamadi. Nikaunyanyua mkono wa kulia nikauweka juu ya kirungu. Ukaanguka. Nikauweka tena. Ukaanguka. Nikachana kipande cha khanga, nikaufunga kwenye stiki, taratibu, ili usiteleze.

Akautazama ule mkono uliofungwa. Akatazama upande wa kushoto wa boksi, pale ambapo stiki haipo. Mdomo ukahangaika. Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja.

"Hata... hapa?"

Nikadhani nimekaza. Nikalegeza. Akaanza kulia, machozi ya jicho moja, lile zima. Akalisukuma boksi kwa mkono wa kushoto likaanguka sakafuni.

"Wifi, mwache apumzike," Zuhura akasema.

Nimekasirika. Siku nzima ya kazi, vipuri vya kutafuta kwa tochi, na shukrani ndiyo hiyo. Nimeondoka bila kuaga vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Sikwenda Kipawa. Nimenuna, mtu mzima wa miaka hamsini.

Mchana nilikuwa nakata waya wa redio. Waya mwembamba, mwekundu, laini. Nikauzungusha kidoleni kuupima, na hapo hapo nikakaa chini.

Baba alimfunga Hamadi kwa waya kama huu. Mkono wa kushoto, kwenye mguu wa kiti, wakati wa kula. Hamadi alizaliwa wa mashoto. Kalamu, jiwe, kijiko, kila kitu kushoto. Baba alisema ule ni mkono wa chooni, na samaki mkunje angali mbichi. Hakuwa mkatili. Alifunga polepole, waya usimkate mtoto, halafu akamchagulia minofu isiyo na miba. Hilo la minofu ndilo linaloniuma zaidi. Tungemchukia tu, ingekuwa rahisi.

Na Baba habari alikuwa anapelekewa na nani? Na mimi. Hamadi ana miaka tisa, mimi saba. Baba akiwa kwenye meza yake ya kazi, Hamadi alikuwa anakula kwa kushoto harakaharaka, jicho liko mlangoni. Baba akirudi nasema, na Hamadi anafungwa. Kila nikisema napewa kashata. Tangu nimekua sijala kashata, na watu wanadhani ni meno.

Hatukuwahi kulizungumza. Hamadi akazoea. Akala kwa kulia, akaandika kwa kulia, akachomelea kwa kulia na bado akanishinda. Mkono wa kushoto ukabakiwa na kazi moja duniani: ile stiki. Kwenye gemu stiki hukaa kushoto, na hakuna mzazi wala mwalimu anayekataza. Watu wengi mkono huo ni mzembe. Wa kwake ulikuwa na hamu ya miaka. Baba aliwahi kuja kibandani, akasimama nyuma ya kiti, akamwona akiwapiga vijana watatu mfululizo. Akacheka, akampigapiga begani. Hakuona alichokuwa anakiona.

Sasa nimekuja mimi na drili. Nimeihamisha stiki, nikamfunga mkono.

Hata hapa. Ndicho alichokuwa ananiuliza. Najichukia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeutoa mfuniko wa zamani chini ya meza. Upande wa kushoto, alipokuwa akilaza kiganja, mbao imekuwa nyeusi na laini kwa jasho lake. Nimeuosha kwa kitambaa chenye maji, doa nikaliacha.

Stiki mpya haikubali matundu ya zamani. Nimetumia tupa mpaka malengelenge. Vipuri vyote vipya vimebaki, isipokuwa springi. Ile laini sana nimeitoa, nimeweka ya kati. Mkono wa kushoto hauumwi. Si wa kudekezwa.

Kirungu chekundu cha zamani nimekirudisha. Meza inayumba tena.

Jumatatu, 21 Julai

Zuhura amepiga simu. Tangu Jumamosi ni maji na chai tu. Daktari amesema ikifika Jumamosi hii hali ni hiyo hiyo, watampitishia mpira puani wa kumlishia.

Namjua kaka yangu. Akiwekewa mpira ule hatanyanyua tena uso kumtazama mtu.

Naogopa. Nimeogopa hivi mara moja tu, siku ya kumwosha Mama.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda. Niliweka boksi kitandani, sikulitoa kwenye mfuko. Kwanza nikasema. Zuhura alikuwapo na nilimwomba abaki.

Nilisema yote, kwa kifupi. Waya. Mlango. Kashata. Nikamwambia kaka, nilikuchongea, nakuomba radhi, na wiki iliyopita nimekufanyia tena kwa mikono yangu.

Aligeuza uso ukutani. Ndege ilipita juu ya nyumba, vyombo vikatetema kabatini, ikaisha, bado uso uko ukutani. Zuhura akanishika mgongo. Nikaona nimechelewa, maji yakimwagika hayazoleki.

Nikalitoa boksi hata hivyo. Nikaliweka mapajani mwake, nikarudi nyuma.

Mkono wa kushoto ulikaa juu ya lile doa muda mrefu. Kisha ukapanda kwenye kirungu. Akakizungusha. Swichi zikalia, tik tik tik, safi kabisa. Akageuka.

"Sp... springi."

"Ya kati, kaka."

Akatikisa kichwa kukubali. Fundi kwa fundi.

Vitufe hawezi, ni vya mkono wa kulia. Nikaketi upande wake huo, nikaweka vidole vyangu. Yeye stiki, mimi vitufe, mchezaji mmoja. Akigonga kisigino sakafuni mara moja ni ngumi, mara mbili ni teke. Tulipigwa vibaya. Mara nne, mara tano. Mimi ndiye niliyechelewa kila mara. Alikuwa anakoroma kwa hasira, na Zuhura akasema hajasikia koromo ile tangu hospitali.

Mara ya sita tulishinda. Alicheka kwa nusu ya mdomo.

La radhi hakunijibu.

Alhamisi, 24 Julai

Zuhura amepiga. Dada wa mazoezi amekuja, amempima. Amesema waukubali ukweli: mkono wa kulia huenda usirudi. Hamadi alisikia. Zuhura alitoka akalilia jikoni, na mimi nimelia huku, kila mtu na simu yake sikioni.

Chakula, hapana.

Spika ya jirani imepona. Sikujali.

Ijumaa, 25 Julai

Nimefika baada ya swala. Zuhura alipika wali na samaki wa kupaka. Tumekula chumbani kwa Hamadi, watu watatu tu, sinia moja juu ya stuli mbele ya kiti chake.

Nilimnawisha. Kulia, halafu kushoto.

Zuhura akachota kijiko. Hamadi akatikisa kichwa. Zuhura akakirudisha kijiko polepole, nikamwona anawaza ule mpira wa kesho.

Mkono wa kushoto ukatoka mapajani. Ukaingia kwenye wali upande wake wa sinia, ukafinya tonge. Nusu ikamwagika kwenye kanzu. Akafinya tena. Kabla ya kulipeleka mdomoni akautazama mlango. Baba ana miaka kumi na mmoja kaburini. Hamadi akautazama ule mlango vizuri, kisha akanitazama mimi, akangoja.

Nilimmegea samaki, nikatoa miba, nikamsogezea. Nikainama nikaendelea kula.

Amekula matonge saba.

Baadaye Zuhura alileta kahawa na kashata. Hamadi akakivuta kisahani kwa mkono wa kushoto, akakisukuma kidogo kidogo mpaka kikanifikia mimi. Akaacha kidole ukingoni mwa kisahani, hakukiondoa.

Nimekula moja. Nilikuwa nimesahau kwamba huwekwa iliki.

Nimerudi Temeke kabla ya magharibi. Nimekunja kipande cha boksi la karatasi, nimekiweka chini ya mguu wa meza.