Nusu Mfuko wa Sukari

Durban mjini,
Afrika Kusini.
20 Septemba 1998

Mpendwa Shangazi Coletha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kigoma ukiwa mzima, na lile goti limekuacha ulale. Estella je, na wanawe? Sisi tunapumua. Mume wangu Nzeyimana ameshonwa nyuzi nne juu ya jicho, na hizo ndizo zilizonikalisha chini kukuandikia.

Shangazi, naogopa.

Unajua tunafanya kazi mtaa wa Morningside kwa Monsieur Alain, mzee wa Morisi anayetengeneza mvinyo wa povu chini ya nyumba yake. Hataki tuuite shampeni, anasema hilo ni jina la Wafaransa. Mvinyo huja kwa lori kutoka Cape, mkali kama ndimu. Tunautia sukari na hamira katika pipa la chuma, tunaujaza kwenye chupa nene, tunaziba kwa vizibo vya bati kama vya soda, kisha tunazilaza gizani. Humo unachacha mara ya pili na gesi haina pa kutokea. Chupa zinalala miaka mitatu na machicha yake ya hamira. Baadaye Nzeyimana huzisimamisha vichwa chini, kila asubuhi anazizungusha kidogo, mpaka machicha yote yashuke shingoni yatolewe. Mimi nisingekuwa na subira hiyo hata kwa mtoto.

Sasa sikia nilichofanya, wala usicheke. Mwezi wa saba mzee alitia sukari yake, akaenda kupokea simu. Nikaonja. Chachu tupu! Wewe ulinifundisha kwamba maji ya ndizi kabla ya kuchacha lazima yawe matamu mpaka midomo inate, la sivyo pombe hailewi mtu. Nikasema moyoni, mzee wa watu amezeeka, amepima vibaya. Nikamwongezea nusu mfuko, nikakoroga vizuri. Niliona nimemsaidia.

Wiki mbili zilizopita chupa moja ikapasuka yenyewe. Kisha tatu. Mzee akalaumu kiwanda cha chupa. Mimi nikajua ni ile sukari yangu imezidisha gesi, nikanyamaza, maana akitufukuza sote wawili tutakwenda wapi na hivi vikaratasi vya ukimbizi? Kila asubuhi nilimwona mume wangu akishuka kule chini, nami nikafagia juu huku nimetega sikio.

Ijumaa zikalia sita kwa mpigo. Nzeyimana alipanda ngazi damu imemfunika uso, anapapasa ukuta.

"Eish, Spès, ile chini iko vita," akaniambia.

Jicho limepona kwa upana wa ukucha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwangu kifo kilikuwa kinamtafuta mwingine.

Leo tulipotoka kanisani nimemwambia mume wangu. Akaniongoza moja kwa moja mpaka kwa mzee. Huko nikasema tena. Monsieur Alain akaketi kwenye ngazi. Hakutufukuza. Alisema chupa zote elfu moja na mia tatu zifunguliwe, moja moja, gesi itoke, kabla hazijapasua na za miaka mingine zilizo kando yake. Kazi ya mwaka mzima imekwenda. Akaleta kofia ya waya ya kufunika uso, nayo ni moja tu.

Nzeyimana akanyoosha mkono aichukue. Nikamtangulia.

Nimeijaribu mbele ya kioo, inanipwaya. Kesho saa mbili asubuhi nashuka kuzifungua, naye atabaki juu.

Nisalimie Estella, Baba Onesphore na wote wa nyumbani. Mungu akutunze, na wewe litaje jina langu kwake ukipiga magoti, hata barua hii ikichelewa kufika.

Wako akupendaye,
mwanao Spès