Risasi Niliyoiua kwa Mdomo

Kashindi, mpwa wangu, mwalimu wa Mulongwe,

Ni miye, kaka ya mama yako. Risasi zimenyamaza Uvira. Shule yako imefunguliwa, darasa lako amepewa mwalimu mnene asiyejua kucheka. Weye umelala kwenye udongo wa Kamanyola, na aliyekutuma huko ni mimi. Hakuna anayejua.

Unanijua. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini kando ya ziwa hili hakuna fundi wa kunishinda kusikiliza injini. Ile meli iliyowashinda Wazungu watatu niliiponya kwa kofi. Sawa, makofi mawili. Ulicheka ukasema, "Mjomba, uongo wako mtamu, lakini hauna hesabu." Ndipo ukaanza kunisomea hadithi za sayansi katika magazeti yako ya Kifaransa, zile ngumu zisizokubali uchawi: kila chombo lazima kieleweke kinakwendaje.

Tukatunga zetu. Wakati wa Wabelgiji tulipita chini ya ziwa ndani ya pipa la chuma, ukanibana nieleze watu watapumua nini. Uhuru ulipokuja, ziwa likawa dogo. Tukarusha roketi kutoka uwanda wa Ruzizi mpaka mwezini, rubani mimi, nani mwingine? Weye ukapima mafuta. Halafu vita. Mwezi haukutakiwa tena. Watu waliotuzunguka pale tunapoanika ndagala, visamaki vyetu vya ziwani, walitaka hadithi moja tu: mwili usioingia risasi.

Waasi walikuwa wananyunyizia vijana maji ya dawa. Hukuamini. Na mimi, kwa kutaka kukushinda siku moja tu, nikakukumbusha yule askari aliyempiga risasi kiboko aliyezama, kiboko akaibuka mbali, mzima. "Risasi hufa majini," nikasema. "Si uchawi, iko hesabu."

Ukauliza, "Maji kiasi gani, mjomba?"

Nilijua, Kashindi. Kiboko alikuwa chini, kina cha mtu mzima. Lakini watu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Tone moja linatosha. Dawa inalifanya zito kama ziwa zima." Wakapiga makofi. Na weye, mtu wa vitabu, ukanipa mkono: "Leo umenishinda."

Kesho yake ukawafuata waasi. Mimi nilisema mguu unauma.

Wawili waliorudi walisema ulikuwa wa kwanza kuanguka. Wenzako walilala chini. Weye ulisimama wima, hukujificha.

Watu bado wananiomba hadithi. Sasa wanataka mashine ya kusikia ndugu waliokimbilia Burundi, kama wanapumua. Ningeijenga kwa maneno, nyaya zake zote nazijua. Nafungua mdomo, hakuna kitu. Mama yako anafikiri ni huzuni tu. Ananiwekea samaki mkubwa kuliko wa watoto. Jana aliniambia, "Kaka, ulimfurahisha mwanangu mpaka mwisho." Nikala. Nilikula nikamaliza, Kashindi, nikalamba na vidole.

Pumzika, mpwa wangu. Sitakuomba unisamehe, sina hesabu ya kutosha. Namsikia mama yako anapakua bugali. Leo nitamwambia nilichosema siku ile, chote, kabla sijanawa mikono. Akiniondoa mezani, nitaondoka na njaa yangu.

Mjomba wako