Kiti cha Mama wa Bwana Harusi

Jumatatu, 5 Agosti

Nimepewa ruhusa! Bosi wa dobi alicheka hadi akaegemea mashine. Ati mtoto wako anaoa? Si juzi tu umetoka uzazi? Nikamwambia huyu wa mgongoni ni wa mwisho, anayeoa ni wa kwanza. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Ndiyo bosi, nilimzaa nikiwa bado na sare ya shule. Dunia haikuisha.

Mwanangu alinitumia suti yake, nimeipiga pasi mwenyewe. Kola nimeirudia na kuirudia. Ikiwa bado na joto nikaikumbatia kidogo. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, 8 Agosti

Tumefika, mimi na kichanga changu. Nyumba ya mama imejaa hadi jikoni! Mashangazi, na watoto nisiowajua wanaoniita mama mdogo. Binamu yangu Bonge kanipokea begi: wewe huzeeki, unalala kwenye friji? Tumecheka mpaka mtoto akaamka.

Mwanangu kaja jioni. Mrefu huyo! "Shikamoo dada." Ndivyo alivyozoea. Nilikwenda kutafuta kazi, akalelewa na mama yangu, basi bibi yake ndiye "mama", mimi nikabaki dada. Sina neno. Lakini gauni nililoshonesha ni la mama wa bwana harusi. Si la dada.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumekwenda ukumbini kupanga viti. Mbele kabisa kuna viti vya wazazi, vya kwao na vya kwetu. Mama wa bibi harusi ni mwalimu mstaafu, mchangamfu, kanishika mikono yote miwili: "Ndiye dada mtu! Mmefanana kama mapacha!" Nikamtazama mwanangu. Anatazama viatu vyake. Kumbe ndivyo alivyowaambia!

Mwalimu akamtekenya mtoto wangu. Na wewe, bwana harusi ni mjomba wako, eh?

"Eh, mjomba," nikasema. Mimi! Kwa kinywa changu! Si ningenyamaza tu?

Tuliporudi mama kanibana jikoni. Kesho kile kiti unakalia wewe. Nikasema, wewe ndiye uliyemlea. Akajibu, nimemlea, sikatai, nyonga yenyewe imechakaa kwa kumbeba. Lakini yule ana mama yake, na mama yake si mimi. Mwanangu alikuwa anapita mlangoni. Kasikia. Kaondoka.

Situlii. Nimekunja nepi, nimezikunjua, nimezikunja tena.

Jumamosi, 10 Agosti

Niko chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya ukumbi. Mtoto ananyonya, naandika kwa mkono mmoja. Gauni limelowa maziwa upande.

Kiti cha mama wa bwana harusi kiko wazi! Mama kajichimbia nyuma na mashangazi, kasema hasogei hata kwa winchi. Mshereheshaji anaita kwenye maikrofoni: mama mzazi wa bwana harusi, usituonee haya, picha zinakusubiri! Watu wakacheka. Kaita tena. Safari hii hawakucheka sana.

Bonge kachungulia: nenda bwana! Au niende mimi na ndevu zangu hizi? Siwezi. Nikikaa pale namuumbua mwanangu mbele ya wakwe zake. Nisipokaa —

Kaingia mwanangu mwenyewe. Suti imemkaa! Jasho mpaka kwenye kope. Hakuniita chochote.

"Nipe mtoto."

"Angalia koti, atakutapikia!"

"Atapike."

Kamweka begani, huyo, katoka. Labda anampeleka kwa mama, mimi nijifiche humu humu hadi picha ziishe. Labda ndiyo maana yake. Mbona sikumuuliza?

Mshereheshaji: ala! bwana harusi na mtoto tayari, mambo ya haraka haya! Kicheko ukumbi mzima. Halafu sauti ya mwanangu kwenye spika.

"Huyu ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Naanza kufunga gauni.

Vifungo havifungiki, naandika ili vidole vitulie. Kuna viatu vinakuja kwenye korido, vya visigino, haraka haraka. Vimesimama mlangoni. Ni mwalimu. "Hodi," anasema. "Hodi, da—"

Neno "dada" kalimeza.

Anagonga tena, pole pole.